TAHADHARI: Chuma laini kinauzwa Mombasa kwa jina la D2

Assalaam alaykum mafundi wenzangu wa leti, wa dai (kifaa cha kukatia na kufinyangia bati) na wa kalibu, na kila anayekata chuma kuanzia Changamwe mpaka Kongowea. Kuna mtu anazunguka mjini akiuza mapande ya chuma cha kawaida kwa jina la D2, kile chuma kigumu cha kutengenezea vifaa vya kukatia. Mimi ameshaniliza. Tafadhali someni kabla hamjatuma pesa.

Hana duka. Hutuma picha za mapande yaliyopangwa juu ya turubai, vichwa vimepakwa rangi, na anasema ni mabaki ya kiwanda kilichofungwa, ndiyo maana bei iko chini. Mimi tulikutana kando ya barabara karibu na Kibarani, mzigo ukiwa nyuma ya pikapu. Nilichukua pande la milimita 300 kwa 200, unene 50, kilo 23 na ushei, kwa shilingi 14,000. Nilipima kwa mizani nikaridhika, na hapo nilikosea, kwa sababu mizani haitenganishi kitu: pande la ukubwa huo likiwa D2 au likiwa chuma laini, tofauti yake haifiki nusu kilo. Sumaku nayo hushika vyote viwili.

Kazi ilikuwa dai ya kukatia bawaba za milango, bati la milimita 2. Nilikaa siku nne kwenye mashine. Dalili ya kwanza niliiona hapo hapo nikaipuuza: chuma kilikuwa kikikatika kwa nyuzi ndefu zilizojikunja, laini, kana kwamba ninakata nondo. D2 hata ikiwa haijatiwa moto ni nzito kukata, inamaliza makali ya kifaa upesi. Nikalipeleka pande kwa jamaa mwenye tanuri ya umeme, akalipasha hadi nyuzijoto 1,020, akaliacha lipoe kwa hewa, kisha akalirudisha kwenye moto mdogo ili lisiwe jepesi kuvunjika. Yote aliyafanya sawasawa. Nilipopitisha tupa, ikala, yaani pande lilikuwa bado laini. Nikamgombeza mtu asiye na kosa, na kwa hilo nimeshakwenda kumwomba radhi.

Mteja alikuwa akisubiri, nikaifunga dai hivyo hivyo. Bawaba kama mia mbili tu, midomo ya dai ikawa imevimba na kulala, bidhaa zinatoka na makali pembeni yanayokata vidole. Mteja kachukua kazi yake kwengine.

Nieleze kwa nini, maana vijana wengi tunaofanya nao kazi hulijua jina D2 bila kujua lina nini ndani. Kaboni yake ni kama asilimia 1.5 na kromiamu kama asilimia 12, pamoja na molibdenamu na vanadiamu kidogo. Kaboni na kromiamu zikishikana hufanya chembe ngumu sana ndani ya chuma, na chembe hizo ndizo zinazozuia midomo ya dai isilike. Ikitiwa moto vizuri inafika 58 hadi 62 kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell C, na tupa huteleza juu yake kama juu ya kioo. Chuma laini kina kaboni asilimia 0.2 au karibu na hapo. Hicho hata ukikipasha mara saba hakiwi kigumu, hakina cha kukifanya kiwe kigumu. Wazee wetu wakisema upanga wa feleji walijua kwamba si kila chuma ni feleji, ijapokuwa kwa macho vyote ni vyeusi.

Sasa ujanja wake wenyewe, na hili ndilo ninaloomba mlishike. Huja na kipande kidogo cha kuonyesha, na kipande hicho ni D2 ya kweli. Atakisugua kwenye grinda mbele yako, cheche zitoke fupi, za rangi ya chungwa iliyoiva, na wewe uliyezizoea utatikisa kichwa. Pande unalopakiwa ni jengine. Kwa hivyo usikubali cheche za sampuli. Sugua pande lenyewe unalolilipia, pembeni na pia mahali palipokatwa, ukiwa kivulini na miwani machoni, na ubebe kipande chako cha panchi ya zamani unayoijua kuwa ni D2 uzilinganishe cheche zake hapo hapo. Chuma laini hutoa mistari mirefu, ya manjano iliyopauka, na vimatawi vichache mwishoni. Chuma chenye kaboni nyingi bila kromiamu, kama tupa kuukuu, hupasuka nyota nyingi karibu na jiwe. Chuma cha kekee nzuri, kile cha M2, hutoa nyuzi nyembamba za wekundu uliofifia, nyota karibu hakuna.

Akikataa usisugue pande, rudi nyumbani na pesa zako.

Ukiwa na nafasi, mwombe akukatie kipande cha ukubwa wa kidole gumba ulipie hicho peke yake. Kipashe mpaka kiwe rangi ya chungwa inayokaribia manjano, kishikilie hapo dakika chache, kiache kipoe chenyewe bila maji, ondoa ganda la juu kwa jiwe kisha pitisha tupa. D2 itakataa tupa. O1, chuma kingine cha vifaa, haitakuwa ngumu vizuri kwa hewa, hiyo hupashwa nyuzijoto 800 hivi na kuchovywa kwenye mafuta. Na muuzaji mwaminifu msimwonee: P20 ya kalibu za plastiki huja ikiwa imeshatiwa moto hadi karibu Rockwell 30, na tupa huila. Hiyo ndiyo hali yake.

Cheti nilipewa pia, picha ya simu. Niliona 1.2379 juu, ambayo ni D2 kwa namba za Ujerumani, kama vile Wajapani wanavyoiita SKD11, nikafunga. Baada ya hasara ndipo nilipokisoma mpaka chini: kaboni 0.40, kromiamu 5.1. Huo ni mchanganyiko wa H13, chuma kingine kabisa! Kichwa cha cheti kimebadilishwa, tumbo limeachwa. Na namba ya mchomo (namba ya mkupuo wa chuma uliyeyushwa pamoja kiwandani) iliyoandikwa kwenye cheti haikugongwa popote kwenye pande langu. Rangi ya kichwani nayo msiitegemee, kila kiwanda kina rangi zake na kopo la rangi linauzwa kila duka la vifaa.

Wengine watasema tupime kwa kile kifaa cha mkononi cha eksirei (XRF) kinachofanana na bastola, kinachosoma madini yaliyomo kwenye chuma. Kinasaidia, lakini hakisomi kaboni. Chuma kisichoshika kutu chenye kromiamu asilimia 12 au 13 kinaweza kukudanganya hapo, basi angalieni na molibdenamu na vanadiamu kama zipo.

Fundi mwenzangu wa Jomvu, anayemimina alumini, aliuziwa na mtu huyu huyu D2 ya kweli kabisa, akiambiwa inafaa kila kazi. Ameitengenezea kalibu. Alumini iliyoyeyuka inaingia ikiwa karibu nyuzijoto 700, kalibu inapashwa na kupoa, inapashwa na kupoa, na D2 haivumilii hali hiyo. Imejaa nyufa. Kazi hiyo ni ya H13, ambayo haifanywi ngumu sana, Rockwell C 44 hadi 52 hivi, lakini inastahimili joto la kuja na kuondoka. Nashukuru haikupasuka alumini ikiwa ndani na watu wamesimama mbele.

Mimi nimeripoti polisi na nina namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Mliotapeliwa hifadhini ujumbe wa M-Pesa, picha za tangazo, cheti, na kipande cha chuma chenyewe, msikiuze kwa wanunuzi wa skrapu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012. Mmoja peke yake atazungushwa. Tukienda kumi na mapande yetu, tutasikilizwa.

Jina na namba yake siweki hapa kwa kuwa hubadilisha vyote viwili. Mtambueni kwa mwendo wake: bei ya chini mno, mkutano barabarani, sampuli ndogo mfukoni, na haraka ya kutaka utume pesa yote kwanza. Tangu juzi ametangaza mzigo mpya, na safari hii anauita H13.