TAHADHARI: Kinasa sauti feki chenye maiki mbili, moja ni pambo

Wadau wa kurekodi muziki wa jukwaani, someni hapa kabla hamjamtumia pesa muuzaji yeyote wa mtandaoni anayetangaza vinasa sauti vya mkononi "vipya, vimefunguliwa kwa majaribio tu". Nimepigwa. Pesa imeniuma, lakini kinachoniuma zaidi ni onyesho la saa mbili la mpiga gitaa mzee aliyeniruhusu kwa mdomo wake nikae hatua chache kutoka jukwaani na kinasa changu. Onyesho lile halirudiwi.

Tangazo lilikuwa safi. Kifaa chenye nembo ya kampuni inayoheshimika, maiki mbili juu zimepishana kama mkasi ulio wazi, na memori kadi ya GB 128 kama zawadi. Niliomba picha ya serial namba, akanitumia, ila kidole gumba kimefunika tarakimu nne za mwisho. Nikauliza kwa nini. Akajibu anailinda waranti yangu isije ikasajiliwa na mtu mwingine. Nikaona ni mtu makini. Akaongeza kipande cha gitaa "kilichorekodiwa na kifaa hiki hiki", kitamu, nyuzi moja moja zinasikika. Leo najua hakikutoka humo, kwa sababu kipande kile kina stereo halisi (sauti ya kushoto na ya kulia zinatofautiana), na kifaa nilicho nacho hapa mezani hakiwezi kutoa stereo hata ukifanyeje.

Mzigo ulipofika sikuona kasoro yoyote, na hapo ndipo mtego ulipo. Boksi zuri, kifaa kizito mkononi, skrini inawaka, mistari ya levo inapanda na kushuka nikiongea. Nilirekodi sauti yangu chumbani, nikavaa hedifoni nikasikiliza, nikaridhika. Jioni ile ile muuzaji akapiga simu, mpole kweli: "Bosi wangu, umepokea salama? Basi nibonyezee pale kwamba umepokea, ili na mimi nitolewe changu." Nikabonyeza. Kuanzia dakika ile pesa ilitoka mikononi mwa soko la mtandaoni lililokuwa limeishikilia, na mimi nikabaki sina pa kushika.

Nawaomba mlishike hili: kinasa feki hakijisaliti ukiongea nacho chumbani. Sauti ya mtu ni ndogo, na hata maiki ya bei ya chini kabisa inaimudu. Kinajisaliti drum ikipigwa.

Usiku wa onyesho niliweka levo kama inavyotakiwa, vilele vikicheza karibu na desibeli −12, nafasi ya kutosha kabla ya sifuri, ambapo sauti hupasuka. Taa nyekundu haikuwaka hata mara moja. Nyumbani nikakuta sauti imepasuka mwanzo hadi mwisho. Nilipolifungua faili kwenye kompyuta nikaona mawimbi yamekatwa vichwa, bapa kabisa, na yamekatwa chini sana, mbali na ukomo wa juu. Maana yake sauti iliharibika kwenye maiki na kikuza sauti chake, kabla haijafika kwenye kitufe cha levo. Ukipunguza levo ya kifaa cha namna hiyo unapunguza tu ukubwa wa sauti ambayo imeshapasuka. Juu ya hayo, kila teke la drum likipigwa, gitaa lilizama, kisha likapanda polepole mpaka teke lingine. Niliizima levo ya otomatiki (kifaa kujipandishia na kujishushia sauti chenyewe) kwenye menyu na menyu ikaonyesha imezimwa, kumbe ndani inaendelea kufanya kazi.

Kisha nikatazama ukubwa wa faili. Nilikuwa nimechagua WAV (aina ya faili ambalo kwa kawaida huhifadhi sauti bila kuibana), biti 24, kHz 96. Hesabu yake haina siri: sampuli (vipimo vya sauti) 96,000 kwa sekunde, mara biti 24, mara chaneli 2, gawanya kwa 8 upate baiti. Inakuja takriban MB 34.5 kwa dakika, zaidi ya GB 2 kwa saa. Saa mbili zangu zilipaswa kupita GB 4. Mimi nilikuwa na faili moja la MB 345. Jina linaishia na .wav vizuri tu, lakini ndani sauti imebanwa kwa njia ya ADPCM, biti 4 kwa kila sampuli, kHz 48. Hiyo njia hutumika sana kunasia maongezi. WAV ni gunia tu, ndugu zangu, na hapa niliuziwa mbuzi ndani yake.

Kuhusu stereo, nilichukua chaneli ya kushoto, nikaigeuza juu chini kwenye programu ya kuhariri sauti, nikaichanganya na ya kulia. Zingekuwa na tofauti yoyote ningesikia kitu. Kimya kabisa, saa mbili nzima. Nikachukua bisibisi. Chini ya wavu wa maiki ya kulia kuna kapsuli (sehemu inayonasa sauti) ndogo kama punje ya mahindi na waya mbili. Chini ya wavu wa kushoto kuna kipande cha sponji nyeusi kilichokatwa duara. Hakuna waya. Na uzito ule uliokuwa umenituliza moyo ni bamba la chuma limebandikwa kwa gundi nyuma ya nyumba ya betri.

Memori kadi nayo niliipima kwa H2testw, programu ya kupima uwezo halisi wa kadi (wenye Linux au Mac wanatumia F3). GB 128 zimeandikwa juu ya kadi, uwezo wake halisi haufiki GB 8. Kadi za aina hii zikijaa hazikwambii. Zinaendelea kupokea data na kuipoteza, au kuandika juu ya ile ya mwanzo. Haikuniharibia kwa sababu faili lenyewe lilikuwa dogo, lakini kuna mtu ataiweka kwenye kinasa chake halali akidhani amepata zawadi, na ndiye ninayemhofia.

Kwa hiyo kabla hujathibitisha kupokea, hata akikupigia mara kumi, jipe robo saa. Rekodi dakika moja kwa ubora wa juu kabisa, kisha linganisha ukubwa wa faili na hesabu niliyoitoa. Vaa hedifoni, pitisha kidole taratibu juu ya maiki ya kushoto, halafu ya kulia. Mkwaruzo lazima uhame sikio. Kisha weka kinasa mbele ya spika iliyofunguliwa sauti kubwa yenye besi nzito, shusha levo, rekodi, utazame vichwa vya mawimbi. Kama una muda, pakua programu ya ndani (firmware) ya modeli hiyo kutoka kwa kampuni yenyewe ujaribu kuisasisha. Changu hakikulitambua faili hilo kabisa. Ukiona dalili moja tu kati ya hizi, usibonyeze chochote, piga picha na video, fungua malalamiko ndani ya siku za marejesho, na mazungumzo yote yabaki kwenye mfumo wa soko ulikonunulia. Akikuhamishia kwenye simu, ushahidi wako unahamia huko pia.

Nilipomrudia muuzaji alisema ni suala la kusasisha, atanitumia faili. Hakutuma. Akasema atanirudishia theluthi moja ya pesa nikifuta maoni yangu. Nilikataa, kwa sababu maoni yale ndiyo kitu pekee kinachosimama kati yake na mnunuzi anayefuata. Siku chache baadaye akaunti ikafungwa, na maoni yakaenda nayo.

Mzee nimempelekea dakika sita, sehemu aliyopiga peke yake bila drum, ambayo angalau inasikilizika. Amenishukuru, nami nimemweleza yaliyotokea bila kumficha.

Jana usiku nimeliona tangazo tena. Jina la muuzaji ni jipya. Picha ni zile zile, na kidole gumba kiko pale pale juu ya tarakimu nne za mwisho.