Nyambizi au destroya: ununue ipi?

Swali hili hurudi kila Jumapili tunapoandaa meza hapa Kisumu kucheza Axis & Allies 1942, toleo la pili, mchezo wa ubao wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwa bei, nyambizi inashinda: hugharimu 6 za fedha za mchezo, destroya (manowari ya kusindikiza na kuwinda nyambizi) 8, hivyo 24 hukupa nyambizi 4 au destroya 3. Katika kushambulia, zote mbili hulenga kwa kupata 2 au chini yake kwenye dadu. Katika kujilinda, nyambizi hubaki na 1 pekee, ilhali destroya hubaki na 2.

Utata, na kelele nyingi za meza yetu, umo katika kanuni za vita. Nyambizi hupiga kwanza kwa kushtukiza, na meli iliyopigwa hivyo huondolewa kabla haijajibu. Tena inaweza kujificha chini ya maji na kujitoa vitani. Lakini adui akiwa na destroya hata moja katika eneo hilo, haki zote hizo hufutika, na ndege zake, ambazo bila destroya haziwezi kuigusa nyambizi, hupata ruhusa ya kuipiga. Nyambizi nayo haiwezi kuipiga ndege kamwe, jambo ambalo wageni husahau kila mara.

Kuziba njia ni kazi ya destroya, kwa kuwa nyambizi ikiwa peke yake haimzuii adui kupita.

Anayecheza Ujerumani na kuwinda meli za Uingereza kwa fedha kidogo atafaidika na nyambizi, mradi achunguze kwanza destroya ziko wapi. Anayesindikiza meli za kubeba askari, hasa Marekani, asitoke bandarini bila destroya.