Miezi Mitano na Intaneti ya Faiba Ngamiani, Tanga

Nimetumia intaneti ya faiba nyumbani kwangu Ngamiani kwa miezi mitano sasa, na ninaipendekeza kwa moyo mmoja, ingawa kazi ya siku ya kwanza haikuniridhisha.

Fundi aliyekuja kufunga aliukunja waya kwa nguvu kwenye kona nyuma ya kabati, na kwa siku mbili taa ya ruta iliwaka nyekundu. Fundi wa pili, kijana mpole sana, aliukata waya akanionyesha kilichomo ndani: uzi wa kioo mwembamba kama unywele, wenye kipenyo cha takribani mikromita 125. Alinieleza kuwa taarifa husafiri humo kama mimweko ya leza isiyoonekana kwa macho, na kwa kuwa kioo cha katikati hupindisha mwanga zaidi kuliko kile kinachokizunguka, mwanga unaogonga ukingo kwa mshazari hurudishwa ndani, tena na tena, safari nzima. Lakini uzi ukikunjwa mno, sehemu ya mwanga huo huvuja. Kisha akauunganisha kwa mashine inayoyeyusha ncha mbili za kioo zikawa kitu kimoja, kazi ya dakika chache ambayo sikuchoka kuitazama.

Tangu hapo, ninapozungumza kwa video na mwanangu aliyeko Mwanza, picha haigandi hata mvua za masika zinaponyesha. Bei imezidi kidogo ile ya vifurushi vya simu. Atakayefungiwa amwombe fundi auzungushe waya kwa upana kwenye kila kona.