Ripea kiti ya Solex 34 PICT-3 kwenye Beetle ya 1973: imefanya kazi, ila kuna ugonjwa haitibu

Wakuu, nimeshatumia hii ripea kiti (pakiti ya gasketi na raba za kufufulia kabureta) wiki ya sita sasa ndio naandika, maana kabureta ukishaisafisha tu hata bila kubadili kitu siku mbili za mwanzo inatulia, unaanza kusifia kitu ambacho bado hujakijua.

Gari ni Beetle 1303S ya 1973 ya baba mkubwa, injini 1600 (ukienda kwa vipimo ni 1584 cc), kabureta ni ileile ya asili, Solex 34 PICT-3, imechapwa W. Germany kwenye bodi. Ilikaa chini ya mparachichi hapa Moshi miaka mingi, kuku wanataga ndani. Injini tumeifungua nyumbani mimi na mdogo wangu, pistoni na silinda mpya, vavu tukasaga, pointi na kondensa mpya, tukaweka taiming, ikawaka. Furaha yetu haikumaliza hata jioni ile. Sailensi (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) inapanda inashuka, ukikanyaga mafuta ghafla inakohoa kwanza ndio inaamka, plagi nyeusi tii, na asubuhi ukiangalia chini ya pampu ya kabureta (ile inayorusha petroli ndani ukikanyaga mafuta) kuna unyevu wa petroli.

Mafundi wawili waliniambia nisihangaike, ninunue kabureta mpya ya kuigiza, zipo na bei sio kubwa. Nilikataa na bado nakataa. Hizi Solex za Ujerumani zimechongwa vizuri sana, jeti zake (vile vishaba vyenye kitundu cha kupimia petroli) zimeandikwa namba na namba inasema ukweli, kifuniko kikikaa kimekaa. Ukiwa nayo, hata kama ni chafu kama sufuria ya mkaa, usiitupe wala usimwachie fundi kama chuma chakavu.

Ripea kiti ya kwanza nilinunua duka moja la spea ambalo silitaji. Raba ya pampu ikavimba ndani ya wiki mbili, ikawa laini kama utumbo, petroli ikaanza tena kuchuruzika. Raba ikivimba ujue haikutengenezwa kukaa ndani ya petroli, hakuna kurekebisha hapo. Hii ya pili nimeletewa na mtu aliyekuwa anarudi kutoka Ujerumani, na bei yake hata haifikii kujaza tenki la Beetle. Hii ndio naizungumzia.

Ndani ya pakiti kuna gasketi ya kifuniko, gasketi ya chini kabureta inapokaa, raba ya pampu na springi yake, diaframu ndogo ya choki (kile kifaa cha kuwashia injini ikiwa baridi), nidili mpya (sindano inayofungua na kufunga petroli inayoingia) na washa zake za unene tofauti, na o-ringi za zile skrubu za kurekebishia. Gasketi zinakuja nyingi kuliko unazohitaji kwa sababu wanapaki moja kwa ajili ya 30 PICT, 31 PICT na 34 PICT kwa pamoja, na karatasi ya maelezo haikuambii ipi ni ya nani. Hapa ndipo watu wanaharibu. Usitupe gasketi ya zamani hata kama imevunjika vipande vinne, ipange juu ya mpya moja moja mpaka matundu yote yaonane. Mimi nilikaa na tochi ya simu nusu saa kwa hilo tu, kuna gasketi mbili zimefanana kama mapacha ila moja inaziba kitundu cha hewa upande mmoja. Ukiweka hiyo gari itawaka vizuri kabisa na haitakaa sailensi hata umwite nani.

Kufungua sio kazi. Nati mbili za 13 chini, skrubu tano za kifuniko, nne za pampu. Piga picha kila hatua. Jeti nimezitoa zote nikaziloweka kwenye petroli usiku mzima kwenye chombo cha alumini, asubuhi mswaki na upepo wa kompresa kwa jirani mwenye duka la pancha. Nakuomba sana usiingize waya kwenye jeti. Jeti ni shaba, ni laini, ukikwaruza tundu kidogo tu umeshabadilisha kipimo chake na hutajua kwa nini gari inakula mafuta. Ikigoma tumia mshipi wa kuvulia samaki, ule wa plastiki. Floti, lile boya la ndani ya bakuli, iweke kwenye maji ya moto, ikitoa mapovu ina tundu. Yangu ilikuwa nzima.

Chini ya bakuli la kabureta nilikuta tope la kahawia lenye chembe za kutu kutoka kwenye tenki, yaani ukipitisha kidole linabaki kama ugoro. Kama tenki lako lina kutu, lisafishe kwanza, la sivyo nidili mpya utaiua ndani ya mwezi.

Sasa raba ya pampu. Hii ndio iliyonishawishi kwamba watengenezaji wanaijua kazi yao. Imefumwa kitambaa ndani, ukiikunja inarudi, matundu manne yamekaa sawasawa na ya bodi bila kuvuta. Wakati wa kufunga usikaze skrubu zote raba ikiwa imelala tu. Weka skrubu kwa vidole, bonyeza ile lever ya pampu mpaka mwisho, ishikilie hivyohivyo ndio ukaze. Usipofanya hivyo raba inakuwa imebanwa, pampu haisukumi kipimo kamili na kile kikohozi unabaki nacho. Baada ya kufunga niliangalia kwa juu huku mdogo wangu anavuta throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta), kamshale ka petroli kakatoka kamenyooka kuelekea chini bila kugusa ukuta. Wiki sita sasa pale chini pakavu.

Nidili nayo nzuri, inafunga kabisa. Kumbuka kwenye hizi Solex kimo cha petroli kinategemea unene wa washa iliyo chini ya nidili, kwa hiyo rudisha unene uleule uliokuta kabla hujaanza kujaribu mengine.

Nikafunga kila kitu, nikawasha, kikohozi hakuna. Ila sailensi ikawa bado inacheza! Kidogo, sio kama mwanzo, lakini inacheza. Nilikosa usingizi. Nilirudia gasketi, nikarudia skrubu, wapi. Mwishoni nikashika shafti ya throto kwa vidole viwili nikaitikisa, ikawa inagonga. Imelika. Nikawasha injini, nikapuliza kabu klina (dawa ya kopo ya kusafishia kabureta) kidogo pale shafti inapoingia kwenye bodi, mlio ukabadilika palepale. Hewa inapita kwenye huo upenyo, inaharibu mchanganyiko, na hakuna ripea kiti ya 34 PICT niliyowahi kuishika yenye bushi za shafti. Kwa umri wa haya magari na vumbi letu hili, karibu kila kabureta itakuwa na hili tatizo, kwa hiyo itikise shafti kabla hata ya kununua kiti.

Dawa yake ni fundi wa leth, mashine ya kuchonga chuma. Nilimpelekea mzee mmoja Majengo, akaangalia kimya muda mrefu akasema, "Mwanangu, hii niachie mpaka kesho, haitaki haraka." Akatoboa bodi kwa kipimo, akagonga bushi za shaba, shafti ikaingia inateleza bila kutikisika. Alinilipisha zaidi ya bei ya ripea kiti yenyewe na ilistahili kila shilingi.

Kitu kingine ambacho kiti haigusi, na hiki ni cha hatari, naomba msikipite. Kwenye kifuniko kuna kale kabomba ka shaba ambako hosi ya petroli inachomekwa. Kameingizwa kwa kubanwa tu, hakana nyuzi. Miaka ikienda na mtetemo kanalegea, siku moja kanachomoka na hosi yake, petroli inamwagika injini inazunguka, distribyuta iko pale chini inatoa cheche. Beetle nyingi zimeungua kwa njia hiyo. Kashike, kajaribu kukazungusha kwa mkono. Kangu kalizunguka. Mzee wa leth akachana nyuzi, akafunga ka kuskrubu. Na ile filta ya plastiki ambayo mafundi wanapenda kuiweka juu katikati ya hosi, itoe humo kwenye injini, iweke chini kule karibu na giaboksi. Weka na klipu kila mwisho wa hosi.

Kuweka sailensi baada ya hapo ilikuwa raha. Skrubu ya throto kwenye 34 PICT-3 sio ya kuongezea sailensi, watu wanaikosea sana hii. Ilegeze mpaka iachie, irudishe mpaka iguse tu, ongeza robo mzunguko, iache, usiiguse tena. Halafu ubavuni kuna skrubu mbili, kubwa na ndogo. Ndogo ifunge taratibu mpaka mwisho bila kukaza, ifungue mizunguko miwili na nusu. Injini ikishapata moto, kubwa ndio unapandishia na kushushia sailensi mpaka kama mizunguko 850 kwa dakika, ndogo unatafutia pale injini inapozunguka kasi zaidi kisha unairudisha ndani kidogo mpaka ishuke kama 25 au 30. Unamalizia kwa kubwa. Na ukifungua swichi sikiliza vavu ya umeme ya kabureta, lazima ipige tik. Isipopiga, gari haitakaa sailensi na utalaumu kabureta bure.

Jumapili iliyopita nilimpeleka baba mkubwa Marangu, mlima wote ule gia ya tatu, haijakohoa hata mara moja. Njiani akawa ananihadithia tena jinsi Beetle ilivyochukua Safari Rally ya kwanza kabisa ya 1953, ikachukua tena 1954, 1957 na 1962, hadithi ambayo nimeisikia tangu mdogo na sikuichoka. Kurudi nilichomoa plagi moja, imekuwa rangi ya kahawia kama chai ya maziwa, ndivyo inavyotakiwa.

Kwa ripea kiti yenyewe natoa nne kati ya tano. Hiyo moja nimekata kwa ajili ya gasketi zisizo na alama, kuandika namba pembeni kungewagharimu nini jamani. Kabla ya kuagiza soma chapa kwenye bodi ya kabureta yako, usiamini mwaka wa gari, maana hizi zimebadilishwa sana na utakuta gari ya 1973 imefungwa 30 PICT.

Kilichobaki kwangu ni elementi ya choki, ile ya duara yenye skrubu tatu, springi yake imechoka, asubuhi ya baridi inachelewa kufungua. Kwenye kiti haimo. Mwenye ya asili ya 12V, hata iliyotumika, aniambie.