Makula inapochakaa: vidonge vya vitamini au mboga na dagaa?

Mgonjwa wa Mwanza aliyeambiwa kwamba makula yake, yaani kitovu cha retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) kinachomwezesha kusoma na kutambua sura za watu, imeanza kuchakaa, hujiuliza mapema kama anunue vidonge au abadilishe chakula.

Vidonge vina ushahidi ulio wazi, lakini wenye mipaka. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba vitamini C na E, beta-karotini, zinki na madini ya shaba, vikitumiwa pamoja, vilipunguza kwa takribani asilimia 25 uwezekano wa ugonjwa kutoka hatua ya kati hadi ya juu ndani ya miaka 5. Aliyekuwa katika hatua ya mwanzo hakunufaika. Katika utafiti wa pili, wa mwaka 2013, beta-karotini, ambayo huongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa wavutaji sigara, ilibadilishwa kwa miligramu 10 za luteini na 2 za zeaksanthini, ambazo ni rangi asilia za mimea. Chupa yoyote ya “vitamini za macho” si lazima iwe na vipimo hivyo, kwa hiyo kibandiko kisomwe, hata ikibidi asome mjukuu.

Mchicha, matembele na kisamvu vina luteini, ambayo mwili huifyonza vizuri zaidi mboga zikiungwa kwa mafuta kidogo. Dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, nao wanafaa kwa mafuta yao, ingawa vidonge vya mafuta ya samaki havikuongeza kinga katika utafiti wa 2013. Kwa maoni yangu, chakula kinamfaa kila mgonjwa, ilhali vidonge, ambavyo zinki yake nyingi haifikiwi kwa sahani ya kawaida, vingoje daktari wa macho athibitishe hatua ya kati.