Kujaza rangi za mpito: SVG au Canvas?
Kwenye SVG (michoro ya wavuti inayoandikwa kwa lebo), linearGradient, yaani lebo ya rangi za mpito zinazofuata mstari, hupimwa kutoka 0 hadi 1 kwa umbo lenyewe. Ukilisogeza au kulikuza, rangi zinakwenda nalo. Raha tupu, isipokuwa kwa mstari wa mlalo ulionyooka: kimo chake ni 0, kwa hiyo hauonekani kabisa. Dawa yake ni gradientUnits="userSpaceOnUse", inayopima kwa vipimo vya mchoro badala ya umbo.

Canvas (eneo la ukurasa linalochorwa kwa JavaScript) hupima kwa turubai, si kwa umbo. Ukiandika createLinearGradient(0, 0, 300, 0), yaani mpito wa kutoka x = 0 hadi x = 300, kisha ukachora mstatili unaoanzia x = 400, utapata rangi ya mwisho tu. Ukijaza kwa picha ya kujirudia, subiri onload (ishara kwamba picha imepakiwa) kwanza: picha isipokuwa tayari, createPattern, inayotengeneza mjazo huo, hurudisha null (hakuna kitu) na fillStyle, yaani mpangilio wa rangi ya kujazia, hubaki na rangi iliyokuwepo, kwa kawaida nyeusi.

Nembo na chati, chagua SVG. Mchezo wenye maumbo maelfu, Canvas.