MMed Nairobi au COSECSA: daktari wa Mombasa aende wapi kusomea upasuaji?

Daktari aliyemaliza intaniship hapa Mombasa na anautaka upasuaji ana njia mbili kubwa mbele yake.

Ya kwanza ni MMed, yaani shahada ya uzamili ya udaktari, ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Hii haihitaji maelezo mengi: unapanda treni Miritini na begi lako, unakaa Nairobi miaka, unasoma wodini Kenyatta, na unaandika tasnifu. Karo ni nzito, na kodi ya nyumba ya Nairobi ni mzigo mwingine. Lakini ukitaka kufundisha chuoni baadaye, shahada ndiyo inayoulizwa kwanza.

Ya pili ni COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, ya Kati na Kusini, chenye makao Arusha, kilichoanzishwa 1999. Hakina madarasa ya kwenda kuketi. Unafundishwa hospitalini huku ukifanya kazi, chini ya bingwa, na kila operesheni unaiandika kwenye kumbukumbu. Kwanza ni mtihani wa uanachama, MCS, kisha ule wa ubingwa, FCS. Gharama zake ni nafuu mno ukilinganisha na chuo kikuu.

Kuna sharti moja hapo: hospitali yako lazima iwe imeidhinishwa kufundisha. Isipokuwa hivyo, utahama Mombasa vilevile, na ile raha ya kulala kwako inaisha. Ulizia hili kabla ya kulipa chochote.

Mimi, mwenye mke na watoto Likoni, ningeanza na COSECSA. Asiye na familia, na mwenye hamu ya utafiti, Nairobi itamfaa zaidi.